Gauni la Mfuko Mmoja

Kuna wakati wasichana wadogo wa mtaa wetu wote walitembea mkono wa kushoto umezama mfukoni, kama wazee wastaafu wanaokagua shamba. Ukiuliza wameambukizana nini, mama zao wangekujibu kwa fahari kwamba huo ni mtindo. Ni gauni la mama mdogo wangu, fundi mwenye duka jirani na kinyozi. Lina mfuko mmoja tu, upande wa kushoto, mpana, wenye pindo la rangi tofauti, tena umeshonwa juu kidogo kuliko mifuko mingine ili mkono wa mtoto uingie wenyewe bila kuutafuta.

Mama mdogo hakuubuni mfuko ule kwa ajili ya mtindo. Aliubuni kwa ajili ya binti yake, ambaye sisi tunamwita Chiriku kwa sababu akianza kusema hata redio haisikiki. Chiriku alizaliwa bila kidole gumba katika mkono wa kushoto. Vidole vinne vilikuwepo, vizuri, na kucha zake. Pale ambapo gumba lingeanzia palikuwa na ngozi laini tu, imeteremka moja kwa moja hadi kwenye kifundo cha mkono.

Mimi nilikuja kuishi kwao nilipoingia sekondari, kwa kuwa shule iko karibu na duka. Chiriku ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Niliuona mkono wake wakati wa kumwogesha, nikafungua mdomo niulize, mama mdogo akaniwahi.

"Usiulize, mwanangu. Nipe taulo."

Sikuuliza, lakini mimi jambo likishaniingia kichwani halitoki. Jioni ile nilichukua utepe nikalifunga gumba langu la kushoto, nikalibana kwenye kiganja, kisha nikajaribu kuvaa shati la shule. Vifungo vilinitoa jasho. Chupa ya maji ilinishinda kabisa. Tangu hapo nikawa namwangalia Chiriku kwa macho mengine. Biskuti aliibana katikati ya kidole cha shahada na cha kati, kama mvuta sigara aliyebobea, na haikudondoka.

Sasa nikueleze mama mdogo ni fundi wa namna gani. Anafanya kazi na pini mdomoni na anazungumza hivyohivyo, pini zikichezacheza, na hajawahi kumeza hata moja. Futi kamba iko shingoni mwake hata akienda sokoni. Mteja akiingia, kabla hajasema anataka nini, mama mdogo ameshaona bega lipi limeshuka, nyonga ipi imezidi, mguu upi ni mfupi. Hasemi. Anaongeza sponji hapa, anashusha pindo pale, na mwenye bega la kushuka anatoka dukani ana mabega sawa, anajitazama kwenye kioo kama aliyeolewa upya. "Kazi ya nguo ni kusitiri," ndivyo anavyosema. "Mtu akikuvulia kasoro yake, wewe mvishe, ufunge mdomo."

Basi Chiriku naye alivishwa. Kivuli cha mteja kikitokea mlangoni tu, mama mdogo alitamka neno moja katikati ya pini: "Mfuko!" Mkono wa mtoto ulizama. Na cha ajabu, mdomo wake nao ulifungwa. Chiriku yule wa kushindana na redio alisimama kimya pembeni ya cherehani mpaka mteja aende.

Siku moja nilimuuliza mama mdogo mambo ya kuficha yalianzia wapi. Alikuwa anapiga pasi, akajibu bila kuniangalia. Siku ya pili baada ya kujifungua, shangazi wa mumewe alikuja wodini kumwona mtoto. Akaifunua shuka, akahesabu vidole kama watu wote wanavyofanya, akafika pale. Akaurudisha mkono ndani ya shuka taratibu, akauchomekea vizuri, akaanza kuongea habari za mvua.

"Angesema chochote ningemjibu," mama mdogo alisema. "Lakini alimfunika. Na mimi nikaona kumbe hivyo ndivyo inavyofanywa."

Baba mdogo, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani anapita kama mgeni, ndiye aliyeshikilia habari za upasuaji. Alisikia safarini kwamba hospitali kubwa kuna daktari bingwa wa mikono. Mama mdogo alivuta miguu. Leo kuna sare za shule, kesho kuna harusi ya watu. Chiriku alikuwa karibu kufikisha miaka mitatu walipokwenda, na mimi nilijipachika kwenye safari hiyo kwa kisingizio cha kubeba mkoba.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye kicheko kikubwa. Kwanza alitaka Chiriku apimwe moyo, figo na damu, maana mkono wa namna hii wakati mwingine huja na mambo mengine mwilini. Majibu yakatoka mazuri. Halafu akachukua kalamu ya wino akajichora kwenye mkono wake mwenyewe.

"Kidole hiki cha shahada hatukikati kabisa kisha tukakishona upya. Kinahama kikiwa hai. Kinatoka hapa na mishipa yake ya damu na neva zake, tunapunguza mfupa wake, tunakigeuza kiwatazame wenzake, tunakiweka pale gumba lingekaa."

"Kwa hiyo atabaki na vidole vinne?" niliuliza. Mama mdogo alinikanyaga mguu.

"Mwache aulize. Atabaki na vinne, ndiyo. Ila vitatu na gumba vinashika dunia. Vinne bila gumba vinaibabaisha tu."

"Na kidole chenyewe kitajuaje kwamba sasa ni gumba?"

Daktari alicheka mpaka akaiweka kalamu chini. Kisha akamgeukia mama mdogo, kicheko kimeisha.

"Swali la huyu binti ndilo la kwako, mama. Mimi kazi yangu ni kukihamisha. Kuwa gumba kutatoka kwenye kutumiwa, kila siku, mbele ya kila mtu, kwenye kila kitu. Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji ndipo kichwa cha mtoto kinapojifunza. Akiuficha mkono, kidole kitakakamaa, kitakaa pale kama pambo, na nitakuwa nimemkata mtoto wako bure. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," mama mdogo alijibu. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Aliitikia kama mteja anayekubali bei ambayo hataweza kuilipa.

Upasuaji ulikwenda salama. Plasta ilipanda mpaka juu ya kiwiko, na mtaani tukasema ameanguka kitandani. Plasta ilipofunguliwa, niliinama karibu mpaka pua yangu ikakaribia kuugusa mkono. Kilikuwa pale. Kimevimba, chekundu, kimezungukwa na mishono ya kwenda zigizaga, chembamba kuliko magumba niliyozoea, lakini kimekaa pembeni na kuwatazama wenzake kama gumba lolote. Chiriku alikitazama, akakichezesha, akanitazama. "Kimehama nyumba," akasema.

Mazoezi yalifanyika dukani, nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Kuokota shanga, kuokota vifungo, kubana vibanio vya kuanikia nguo. Mama mdogo hakukosa hata siku moja, hilo siwezi kumnyima. Lakini pazia lilikuwa limefungwa, na kivuli kikitokea mlangoni: "Mfuko!" Na kwa kuwa wateja ni wengi, mkono ulikuwa mfukoni muda mwingi kuliko ulivyokuwa kwenye shanga. Nje ya pazia Chiriku alirudia ujanja wake wa zamani. Alibana vitu katikati ya vidole viwili vingine, na lile gumba akaliruka kama mtu asiyejuana nalo.

Kule hospitali mazoezi yalisimamiwa na kaka mmoja mrefu ambaye watoto walimwita Twiga. Alifanya kazi akiwa amekaa sakafuni, magoti yakifika masikioni. Siku moja alimpa Chiriku shanga, na Chiriku akaanza vizuri, ulimi nje, gumba likihangaika. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mwingine na mtoto wake.

Hakuna aliyesema neno lolote. Mkono wa Chiriku ulizama mfukoni.

"Hodi, mkono!" Twiga akagonga sakafu. "Umekwenda wapi? Tulikuwa tunaongea."

Chiriku akauzamisha zaidi.  Twiga akaligusa pindo la ule mfuko kwa kidole kimoja.

"Gauni zuri. Fundi nani?"

"Mimi," alisema mama mdogo.

"Hongera. Na mkono huu, nani anauambia uingie humu?"

 Yule mama mgeni alijifanya anamfunga mwanawe viatu. Mimi niliangalia ukutani, nikingoja.

"Ni huyu," mama mdogo akasema, akaninyooshea kidevu. "Wana michezo yao huyu na mwenzake. Mimi niko kwenye cherehani, mambo mengine siyaoni."

Nilifungua mdomo. Macho yake yalikutana na yangu, na sijapata kuona mtu mzima akiomba vile. Nikaufunga.

"Dada," Twiga alinigeukia, na upole wake ndio ulionichoma, "najua unampenda mdogo wako. Lakini kila mkono ukilala humu, kichwa chake kinasema hapo hakuna gumba. Hebu gusa hiki kiungo. Unaona kinavyokataa kukunja? Kimeanza kukakamaa. Tukiendelea hivi hakitafunguka tena. Huo mchezo uache kabisa."

"Samahani, kaka," nilisema.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama mdogo alitangulia, mkoba umebanwa kwapani. Chiriku, ambaye kwa kuwa hapakuwa na watu alikuwa amerudi kuwa Chiriku, aliuliza kuhusu mbwa, kuhusu moshi, kuhusu mtu mwenye kofia. Kisha akauliza, "Mama, dada amekosa nini?"

Mama mdogo aliongeza mwendo.

Nyumbani hakuweza kunitazama. Alinipakulia mnofu mkubwa kuliko wa kwake. Asubuhi nilikuta sare yangu imepigwa pasi, mikunjo imenyooka kama rula, kazi ambayo siku zote ni yangu. Nilipomwambia asante, alipita kama hajasikia. Nilitamani anigombeze tu, tuishie hapo.

Badala yake alikata kitambaa cha bluu, akamshonea Chiriku gauni jipya lisilo na mfuko. Akamvalisha. Mteja wa kwanza wa siku alipoingia, mkono wa Chiriku ulishuka ukakuta kitambaa kitupu. Ukapapasa. Ukapapasa tena juu kidogo. Halafu ukapanda ukajichimbia kwapani.

"Mama, mfuko wangu uko wapi?"

Mteja alikuwa amesimama pale, mita zake za kitambaa mkononi. Mama mdogo alitema pini zote kwenye kiganja, akaingia chumba cha kujaribia nguo, akafunga pazia. Nikampima mteja mimi, na vipimo nilivyoandika baadaye vilionyesha kwamba kiuno chake ni kipana kuliko urefu wake.

Mama Mapacha alikuja siku chache baadaye. Huyu ni jirani yetu, rafiki wa mama mdogo wa siku nyingi, na wanawe wawili walikuwa kwenye mstari wa mbele wa ule mtindo. Waliingia wamefanana, mikono ya kushoto mfukoni.

"Fundi, hawa wamerefuka, magauni yamewafupia. Nishonee mengine mawili, mfuko uleule."

"Mfuko siushoni tena."

"We! Umeuza mtindo wetu mtaa wa pili?"

"Siushoni, Mama Mapacha. Nitakushonea kitu kingine."

"Kitu kingine hawavai. Kwani mfuko umekukosea nini?"

Cherehani ilikuwa inazunguka. Mama mdogo aliondoa mguu, ikafa polepole. Nilijua anachotaka kufanya kwa sababu shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Ule haukuwa mtindo. Nilikuwa namficha mwanangu mkono. Alizaliwa hana gumba. Plasta ile haikuwa ya kuanguka, alipasuliwa, na mimi nikaendelea kumficha hata baada ya hapo."

Mama Mapacha alijivutia stuli akakaa. Alizitazama ndala zake.

"Fundi," akasema, "tunajua."

"Mnajua nini?"

"La mkono. Mtaa mzima tunajua. Toka ananyonya. Kinyozi alimwona siku ile umemlaza juani."

"Kinyozi?"

"Na ndiye aliyesema tusikuulize. Kila anayekaa kwenye kiti chake anamwambia, mama akitaka kusema atasema."

"Na... na kuanguka kitandani?"

"Fundi, godoro lenu liko chini. Angeanguka kutoka wapi?"

Mimi nilicheka. Ilinitoka tu, nikaiziba kwa mkono. Mama Mapacha naye mabega yalikuwa yanatikisika. Mama mdogo hakucheka. Nilidhani angeona nafuu, kwamba mzigo umeshuka, lakini uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyegundua ametembea sokoni kutwa nzima sketi imechanika nyuma na watu wote wamemstahi.

"Na hawa?" Aliwaonyesha mapacha kwa kidevu.

"Hawa walilia wanataka kuwa kama rafiki yao. Ningewaambiaje?"

Pacha mmoja alikwisha kusogea kwa Chiriku. "Hebu tuone."

"Sitaki," alisema Chiriku, na kwapa likabana zaidi.

"Waonyeshe, mama," mama mdogo akasema. "Hawa ni wenzako."

"Sitaki! Wataniona!"

 Mama Mapacha aliwashika wanawe mkono akasema atarudi. Mama mdogo alibaki amekaa mbele ya cherehani iliyozimika, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali akanitazama usoni.  Akachukua nguo ya mtu akaanza kuifumua, na haikuwa na kosa lolote.

Siku ya mazoezi ilipofika, hakungoja Twiga akae sakafuni.

"Kaka, siku ile nilisema uongo. Nilimsingizia mtoto wa dada yangu. Neno la mfuko ni langu, toka mwanzo ni langu."

Alisema kwa haraka, akiitazama sakafu, mikono imeshika futi kamba iliyokuwa shingoni. Twiga alinitazama. "Pole, dada," akaniambia. Kisha akamwambia yeye, "Haya, mama. Leta mtoto tufanye kazi."

"Naomba leo asifanyie humu ndani. Nataka tukae pale kwenye korido."

"Pale pana watu wengi."

"Ndiyo."

Mabenchi ya korido yalikuwa yamejaa. Kulikuwa na wenye magongo, wenye bandeji, wasindikizaji wenye mifuko ya matunda, wote wakitazama mlango wa daktari kwa kukosa kingine cha kutazama. Watu walibanana wakatupa nafasi. Twiga aliegemea ukuta mbali kidogo. Mama mdogo alimweka Chiriku benchini, akapiga magoti mbele yake, akamimina shanga kwenye kiganja chake mwenyewe. 

"Nichukulie moja," alisema.

Mkono wa kushoto ulikuwa kwapani. Watu wote sasa walikuwa wanatutazama sisi. Chiriku akapeleka mkono wa kulia. Mama mdogo alifunga kiganja.

"Ule mwingine, mama."

Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa aliegemea mbele. "Huyo mtoto ana nini mkononi?"

 Nilisubiri mama mdogo aseme ameanguka kitandani.

"Alizaliwa bila gumba," alisema. Akaanza upya kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, korido nzima ikasikia. "Alizaliwa bila gumba, daktari akamhamishia kidole cha shahada. Mimi mama yake nikawa namficha, ndiyo maana anaona aibu. Aibu hiyo ni yangu, si yake."

Mwanamke mmoja aliinamia simu yake. Mwingine alisema "Jamani" kwa sauti ya chini. Mzee hakuinamia chochote.

"Kidole kimehamishwa? Kikiwa hai? Hebu, mjukuu, nikione hicho kidole."

Chiriku alimkazia macho. Kuna kitu kimoja ambacho hajawahi kukivumilia tangu ajue kusema, nacho ni mtu kukosea jambo analolijua yeye.

"Siyo kidole," alisema. "Ni gumba."

"Gumba? Acha utani."

"Ni gumba!" Akautoa mkono kwapani amwonyeshe, kwa hasira, na akaokota shanga kutoka kwenye kiganja cha mama yake ili mzee asibishe tena. Ilimponyoka. Ikadunda, ikavingirika chini ya mabenchi, na watu wakaanza kuinua miguu, wenye magongo wakichungulia. Chiriku hakungoja iokotwe, akachukua nyingine, taratibu, gumba likisukuma, likikataa, likisukuma.

"Hiyo je?" akamuuliza mzee.

"Hiyo nimeiona. Lete nyingine."

Mama mdogo hakuinua uso. Alibaki amepiga magoti, mgongo umetota jasho, kiganja kimenyooshwa mbele ya watu wote, na shanga zikawa zinapungua humo moja moja.